Kuzalisha Mafaili ya Sauti kwa Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta husoma kwa namna mbili. Ya kwanza ni usomaji wa papo kwa papo: ukurasa unafunguliwa, programu inautamka, na sauti inapotea hewani mara inapokwisha. Ndivyo zinavyofanya kazi programu za wasioona kama NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Ya pili ni kuzalisha faili: matini inaingia, faili la sauti linatoka, linahifadhiwa, linanakiliwa kwenye simu au kadi, kisha linasikilizwa siku nyingine, pengine na mtu asiyewahi kumiliki kompyuta.

Tofauti hiyo hubadilisha hesabu nzima ya makosa. Anayesomewa papo kwa papo, neno likimtatiza, husimamisha programu na kuamuru isome herufi moja moja. Anayesikiliza faili ndani ya daladala hana nafasi hiyo. Kosa limekwisha kuganda ndani ya sauti, na kila nakala inayotumwa hubeba kosa lile lile. Kwa hiyo kazi kubwa katika uzalishaji wa mafaili ipo kwenye matini kabla haijafika kwa injini ya sauti. Injini nzuri siku hizi hupatikana bure. Matini iliyotayarishwa vizuri haipatikani bure.

Historia ya injini zenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1961, kwenye maabara za Bell nchini Marekani, kompyuta ya IBM 704 iliimba wimbo wa Daisy Bell. Programu iitwayo SAM ilileta sauti kwenye kompyuta za nyumbani mwaka 1982, na Macintosh ya kwanza ilijitambulisha kwa sauti yake yenyewe mbele ya hadhira mwezi Januari 1984. Kiswahili kilichelewa. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza mfumo wa kusoma Kiswahili juu ya msingi wa Festival, programu huria ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kabla ya hapo mwenye kutaka kusomewa Kiswahili alilazimika kuazima sauti ya Kiingereza, na matokeo yalikuwa kichekesho: maneno kama pole, wake, kale na mate yana maumbo ya maneno ya Kiingereza, na sauti ya Kiingereza huyatamka hivyo bila kusita.

Leo injini zinazoweza kukaa kwenye kompyuta ya nyumbani ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza huunda sauti kwa kanuni. Mfano wake mashuhuri ni eSpeak ya Jonathan Duddington, ambayo tangu mwishoni mwa 2015 inaendelezwa kwa jina la eSpeak NG. Lugha zake zinapita 100, Kiswahili kikiwemo, na programu nzima ni ya megabaiti chache tu. Sauti yake ni ya bati, haina joto la koo la binadamu, lakini inaeleweka hata ikiongezwa kasi mara mbili au tatu, na hiyo ndiyo sababu wasioona wengi waliozoea hawataki kuiacha. Kompyuta iliyozeeka hutoa kwa injini hii saa nzima ya usomaji katika muda mfupi sana.

Ukoo wa pili ni wa mitandao ya neva, inayojifunza kutoka kwa saa nyingi za mtu halisi aliyerekodiwa akisoma. Piper, iliyotolewa mwaka 2023, ndiyo inayofaa zaidi nyumbani: kila sauti ina ukubwa wa makumi kadhaa ya megabaiti, na hukimbia hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 bila intaneti. Sauti yake ya Kiswahili imeorodheshwa chini ya Kongo, jambo ambalo msikilizaji wa Tanga au Mombasa atalitambua kwa lafudhi. Mwaka huo huo kampuni ya Meta ilitoa mifumo yake ya MMS kwa lugha zaidi ya 1,100. Wasomaji wa Biblia na matini nyingine za dini ndio waliokuwa chanzo kikuu cha sauti zilizoifunza, na leseni yake hairuhusu biashara. Nje ya nyumba kuna huduma za mtandaoni, ambazo sauti zake huvutia zaidi. Microsoft ina Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, Rehema na Daudi kwa cha Tanzania. Hata hivyo kila herufi hupelekwa kwenye seva ya mbali na kuhesabiwa, na siku bando likiisha kazi husimama.

Kuna jambo moja kuhusu Piper ambalo wanaovutiwa na uzuri wa sauti hulipitia juu juu. Haisomi herufi moja kwa moja. Matini kwanza hupitishwa kwenye kanuni za eSpeak NG, zinazoigeuza kuwa alama za matamshi, na mtandao wa neva huanza kazi hapo. Neno lililotamkwa vibaya na eSpeak litatamkwa vibaya na Piper pia, ila kwa sauti tamu zaidi, na kosa lililovaa sauti tamu ni gumu kulishtukia. MMS hufuata njia nyingine. Yenyewe hupokea herufi kama zilivyo, na alama ambayo haimo kwenye orodha yake hurukwa kimya kimya. Tarakimu zisipokuwa kwenye orodha hiyo, sentensi isemayo kwamba watu 25 walihudhuria itasikika kama watu walihudhuria, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya kuitayarisha matini, na kwa Kiswahili kazi hiyo ina sura yake. Kwa upande mmoja lugha hii ni neema kwa mashine. Inaandikwa karibu kama inavyotamkwa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kwa utaratibu ambao Kiingereza hakiuoti. Maneno yanayoasi ni machache. Barabara yenye maana ya njia hufuata kanuni. Barabara yenye maana ya sawasawa huweka mkazo silabi moja nyuma, na maandishi hayaonyeshi tofauti. Nazali nazo zina siri ndogo: katika mtu mbaya, m ya mbaya ni silabi inayojitegemea, lakini katika nyumba mbaya imeungana na b. Herufi ni zile zile, ngeli ndiyo inayotofautisha. Injini nyingi husoma zote kwa namna moja, na kusema kweli msikilizaji hapotezi maana. Makosa ya aina hiyo yanaweza kuachwa.

Yasiyoweza kuachwa ni ya tarakimu. Maandishi ya Kiswahili hujaza 3, 8 na 25 kila mahali, na msomaji huzitamka kwa upatanisho wa kisarufi bila kufikiri: watoto wanane, miaka minane, siku nane. Mashine huona 8 tu. Moja hadi tano na nane hubadilika kufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kanuni hiyo inaandikika kwenye skripti fupi inayotazama neno lililotangulia, lakini umbo la neno halitoshi. Madaktari 3 ni madaktari watatu ijapokuwa mwanzo wa neno unavuta kwenye matatu, na ng'ombe 5 ni watano wakati nyumba 5 ni tano. Skripti inahitaji orodha ya nomino za watu na wanyama, na orodha hiyo huanza na maneno mia moja hivi na kuongezeka kila kitabu kipya kinaposomwa. Miaka ya kalenda inabaki nje ya kanuni hii: mwaka 1964 husomwa elfu moja mia tisa sitini na nne, ngeli yoyote itangulie.

Maelfu yana mtego wa peke yake. Katika mazungumzo, elfu ishirini na tano ni 25,000. Skripti isiyojua mazoea hayo itaigeuza 20,005 kuwa maneno yale yale, na msikilizaji wa taarifa ya mapato ya kikundi ataongezewa karibu shilingi elfu tano zisizokuwepo. Dawa ni kuweka mkato baada ya ishirini ili injini ipumzike, au kuzipanga upya kuwa ishirini na tano elfu pale ambapo ni 25,000. Watayarishaji makini hutumia njia ya pili, kwa sababu pumziko hutegemea hisani ya injini.

Saa huleta mgogoro mwingine. Gazeti likiandika saa 2:30 asubuhi linahesabu kwa saa ya Kiswahili, na mashine inatakiwa kusoma saa mbili na nusu bila kubadili kitu. Ratiba ya ndege ikiandika 19:30, hiyo ni saa moja na nusu usiku. Kanuni inayofaa ni kuliangalia neno saa: likitangulia, tarakimu ziachwe, lisipotangulia na muundo ukawa wa tarakimu nne za saa 24, saa zipunguzwe sita kwa mzunguko wa saa 12. Hata hivyo zipo ofisi zinazoandika saa 13:00, na hapo kanuni hukwama; tarakimu inayozidi 12 ndiyo inayoamua.

Vifupisho havina ugumu wa kifalsafa, vina uchovu tu. Dkt., Bw., S.L.P., n.k. na uk. lazima vifunguliwe vyote, la sivyo nukta ya Dkt. huchukuliwa kuwa mwisho wa sentensi na jina la daktari huanza kama habari mpya. Km ni kilomita ikikaa jirani na tarakimu na ni kwa mfano ikikaa kwingine. Namba za Kirumi hutaka macho: Sura ya IV ni sura ya nne, na Yohane Paulo II ni wa Pili.

Kisha kuna ritifaa, alama ndogo inayosababisha hasara kubwa kuliko ukubwa wake. Programu za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Injini inayotambua moja tu itatamka ng'ombe kwa g ngumu kama ya ngoma. Tiba yake ni kubadilisha aina zote kuwa moja mwanzoni kabisa. Kibaya zaidi ni waandishi wanaoiacha kabisa na kuandika ngombe, ngoa na ngara. Hapo haifai kanuni ya jumla, maana ngazi, ngoma na nguo ni halali. Inatumika orodha ya maneno, nayo iangaliwe isije ikaigusa Ngara, wilaya ya mkoani Kagera, ambayo jina lake linaanza kwa herufi kubwa na g yake ni ngumu.

Matini iliyotoka kwenye PDF huja na uchafu wake. Namba za kurasa huingia katikati ya sentensi, vichwa vya juu hurudiwa kila ukurasa, na neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari hubaki vipande viwili. Wachapaji wengine huunganisha f na i kuwa alama moja. Isipotenganishwa, afisa anaweza kusomwa asa. Kitabu kilichopigwa picha hupitia kwanza kwenye programu ya kutambua herufi, na hapo alama za kuuliza huweza kupotea. Kwa Kiswahili hilo ni pigo, kwa kuwa Mama amekuja na Mama amekuja? hutofautiana kwa kiimbo tu. Lugha nyingi hugeuza mpangilio wa maneno au kuongeza neno. Kiswahili, pasipowekwa neno je, huitegemea alama ile moja.

Maneno ya kigeni hutatuliwa kwa kamusi ya matamshi, yaani faili la kawaida lenye safu mbili: neno lilivyoandikwa na lisomweje. WhatsApp huwekwa Watsap, Chelsea huwekwa Chelsi. Ipo lugha rasmi ya kuelekeza injini, SSML, iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 2004, inayoruhusu kupanga mapumziko, kasi na hata kubadili lugha katikati ya sentensi. Nyumbani faida yake ni ndogo, kwani injini hutofautiana katika kuitii, na kamusi ya safu mbili hufanya kazi na injini yoyote. Wengine siku hizi huikabidhi kazi yote ya kusafisha kwa miundo mikubwa ya lugha. Inafanya vizuri kwenye upatanisho wa tarakimu, lakini ina mazoea ya kurekebisha hata mtindo wa mwandishi, kwa hiyo tokeo lake hulinganishwa na matini asili neno kwa neno kabla ya kukubaliwa.

Matini ikishakuwa safi, uendeshaji wenyewe ni mwepisi kuliko sifa yake. Amri moja inatosha: eSpeak NG huelekezwa lugha, faili la kusoma na faili la kuandika, Mac ina amri yake ya say, ambayo huandika faili badala ya kusema ikipewa jina la faili, Windows huongozwa kupitia PowerShell kuzitumia sauti zilizosakinishwa. Skripti huizungusha amri hiyo kwenye kila faili lililo ndani ya folda. Mwenye kutaka kompyuta ijifanyie yenyewe huiweka skripti kwenye ratiba, kwa cron katika Linux au Task Scheduler katika Windows. Kila usiku folda hukaguliwa, na kilichodondoshwa humo mchana hugeuzwa sauti.

Mambo mawili hutenganisha skripti ya majaribio na ya kutegemewa. La kwanza ni kugawa matini. Injini za neva huchoka na sentensi ndefu: hutetereka, humeza maneno au hurudia. Kugawa kwa aya, kisha kwa sentensi, na kuunganisha vipande kwa ukimya mfupi huondoa tatizo hilo, na ukimya kati ya aya ukiwa mrefu kidogo kuliko ule wa kati ya sentensi, msikilizaji huhisi ukurasa unageuka. La pili ni umeme. Kazi ya usiku inayokatwa na mgao katikati huacha faili nusu, na skripti inayoruka mafaili yaliyokwisha kuwepo italiona nusu hilo na kudhani limekamilika. Ndiyo maana faili huandikwa kwanza kwa jina la muda na kupewa jina lake halisi likishamalizika. Ni mstari mmoja wa msimbo, na wengi huugundua baada ya sura ya saba ya kitabu kukatika katikati ya neno.

Injini hutoa sauti ghafi. Kwa sampuli 22,050 kwa sekunde na biti 16, saa moja ya usomaji ni karibu megabaiti 159. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hubaki megabaiti 29, na kwa sauti ya mtu mmoja inayosema tu, kilobiti 32 hutosha kusikika vyema kwa nusu ya ukubwa huo. Opus, fomati iliyosanifishwa mwaka 2012, hubana zaidi na kubaki safi. Hata hivyo MP3 ndiyo inayoshinda kwa sababu isiyo ya kisauti: redio ndogo za kadi zinazouzwa sokoni huicheza na haziijui Opus. Redio hizo nyingi pia hufuata mpangilio ambao mafaili yalinakiliwa kwenye kadi na kupuuza alfabeti, hivyo sura hupewa majina yanayoanza kwa 01, 02, 03, kisha hunakiliwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo. Programu ya ffmpeg hufanya ubanaji na kuandika jina la kitabu na la sura ndani ya faili kwa amri ile ile.

Haki za matini haziishi kwa sababu sura imebadilika. Kitabu kinacholindwa na hakimiliki kikisomwa na mashine ya nyumbani kwa matumizi ya mwenye kitabu ni jambo moja. Kikisambazwa kwenye makundi ya simu ni jingine. Wasioona wana njia yao katika Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu nakala zinazofikika kutengenezwa na kuvuka mipaka kwa ajili yao. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Sauti nazo zina leseni, na ya MMS iliyotajwa inamzuia anayetaka kuuza mafaili yake hata kama matini ni yake mwenyewe.

Hatua iliyobaki ni kusikiliza. Hakuna anayesikiliza saa kumi na mbili za kitabu ili kukagua, na si lazima. Programu inaweza kupima kwanza: faili lenye urefu usiolingana na idadi ya herufi zake huashiria maneno yaliyomezwa au kurudiwa, na ukimya wa sekunde nyingi huashiria kipande kilichoshindikana. Sikio la binadamu hupelekwa mahali penye hatari zaidi, yaani sentensi zenye tarakimu, majina ya watu na maneno yanayoonekana mara ya kwanza. Skripti inaweza kuyachambua na kuyakusanya kwenye faili moja la dakika chache. Neno likibainika limetamkwa vibaya huingizwa kwenye kamusi ya safu mbili. Baada ya hapo kitabu kizima hakirudiwi. Skripti huhifadhi alama ya hisabati ya kila kipande cha matini kilivyokuwa kilipofika kwa injini, huilinganisha na ya sasa baada ya kamusi kubadilika, na kuvisoma upya vipande ambavyo alama zake zimebadilika. Jina la mhusika likirekebishwa, sentensi zinazolitaja ndizo zinazorudi kwenye injini. Nyingine zote hubaki kama zilivyorekodiwa usiku wa kwanza.